Kila Mstari Uanze na Herufi Kubwa

Rehema ameniomba niandike. Yeye ndiye aliyerithi meza yangu katika chumba cha majalada, kule nyuma ya maktaba ya chuo, na anasema vijana wenzake wangependa kujua kazi hii ilikuwaje kabla hawajaja. Nadhani wanachotaka hasa ni kujua kwa nini nilikuwa mkali vile. Nitaeleza yote mawili, maana sasa nimestaafu, nina kiti changu kibarazani, na hakuna anayenigongea mlango leo akitaka jalada lake jana.

Vyeo nitaviruka. Sikuvipata vingi, na hivyo vichache vilikuja na funguo nyingi zaidi za kutunza, basi.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ni kujalidi tasnifu. Mwanafunzi huleta karatasi zake, tunazishona, tunazipaka gundi, tunazivalisha jalada gumu la kitambaa, kisha kichwa cha tasnifu kinapigwa juu ya jalada kwa herufi za dhahabu. Vichwa hivyo ni vya Kiingereza, na Kiingereza kina tabia ya kuchagua maneno ya kupewa herufi kubwa na ya kunyimwa. Nimewaona watu wenye shahada mbili wakinuniana mezani pangu kwa sababu ya neno lenye herufi mbili.

Nilifika hapo nikitoka Kongwa, nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza changu kikiwa cha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Aliyenipokea ni Mzee Shomari. Alikuwa mtu wa Dodoma mjini, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakapapenda wakabaki. Alianza kwa kutengeneza misahafu iliyochanika, akaja kwenye madaftari ya ofisi, na mwisho chuo kikamchukua. Alivaa kofia ya kazi ya mkono na koti la khaki lenye mifuko minne, na ole wako ukitie kisu chake katika mfuko usio wa kisu.

Siku ya kwanza alinituma nilete sanduku la herufi kutoka kabatini. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Herufi za shaba zilimwagika chumba kizima, nyingine zikaingia chini ya kabati, na mimi nikaanza kulia kabla hajasema neno.

"Binti, hujavunja kitu," alisema. "Umejipatia tu kazi ya wiki moja."

Wiki ile nilikaa sakafuni nikipanga herufi zilizochongwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Kwa hiyo naweza kusema kweli kwamba Kiingereza nilijifunza kukisoma kutoka kulia kwanza, na mpaka leo nikisoma kibao cha barabarani huanza kukikagua upande wa mwisho.

Chombo kikubwa cha kazi yetu ni kibano. Ni kifaa cha shaba chenye mpini wa mbao na taya mbili. Unapanga herufi za mstari mmoja ndani yake, unakaza skrubu, unakipasha moto kwenye jiko la umeme, kisha unakigandamiza juu ya karatasi ya dhahabu iliyolazwa kwenye jalada. Moto ukizidi, kitambaa kinaungua. Ukipungua, dhahabu haishiki. Mzee Shomari hakuwa na kipimajoto. Aligusisha kibano kwenye kitambaa kibichi na kusikiliza. Kikilia kwa muda mrefu, kingoje. Kikilia kifupi na kikavu, piga. Nilichukua miaka miwili kusikia tofauti, na hata hapo alinisahihisha akiwa chumba cha pili.

Kanuni za Kiingereza alinifundisha kwa namna yake, kwa kuwa hata yeye Kiingereza chenyewe hakukizungumza. Aliyagawa maneno kama watu waliokuja kwenye sherehe. Maneno yenye uzito, yanayotaja vitu na vitendo, ni wazee. Hao wanapewa herufi kubwa. Maneno madogo ya kuunganisha, kama *of*, *in*, *the* na *and*, ni watoto. Hao wanakaa popote bila kupewa kiti. Ila mtoto akifika wa kwanza kabisa au akiwa wa mwisho kabisa kufunga mlango, naye anapewa kiti.

"Na hawa?" nilimuuliza siku moja, nikimwonyesha *Is* na *Are*. Wanafunzi wengi waliyaandika kwa herufi ndogo.

"Hao ni wafupi, lakini ni watu wazima. Usimdharau mtu kwa kimo."

"Na *between*?"

Alikuna kidevu. "Huyo ni mtoto aliyerefuka. Wapo wasimamizi wanaomwona mtu mzima. Ukimpata, muulize msimamizi kwanza, halafu fanya alivyosema, halafu usibishane."

Kwa mafunzo hayo nilipiga vichwa vya tasnifu maisha yangu yote, na maprofesa wakaniuliza ushauri, nami nikawajibu kwa sauti ya chini kana kwamba nimesoma mahali.

Palikuwa na jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Kibano chetu kilikuwa na taya la kushoto lililolegea. Halafu herufi zetu zilitoka katika seti mbili tofauti: kubwa zilikuwa na shina pana, ndogo zilikuwa na shina jembamba. Ukianza mstari na herufi ndogo, taya halikuishika; ilianguka ubavu na mstari mzima ukapinda. Kwa hiyo Mzee Shomari alianza kila mstari na herufi kubwa. Kichwa kikiwa cha mistari mitatu, na mstari wa pili ukaanza na *of*, aliandika *Of*. Watoto wa mstari wa pili nao wakapata viti, kwa sababu ya ubovu wa taya tu.

Alipostaafu aliniandikia orodha ya mambo tisa, akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la herufi. Gundi isichemke mara mbili. Kitambaa kisikae juani. Nyuzi zihesabiwe kila Ijumaa. Nilifanya yale yaliyonijia kwa urahisi, na mengine nikasema nitayafanya Jumatatu. Wanaonifahamu wanaijua Jumatatu yangu.

Basi nikabaki peke yangu, na wanafunzi wakanipa jina la Mama Jalada. Nilipata visa vyangu. Yupo bwana aliyetaka jina lake liwe kubwa kuliko kichwa cha tasnifu, nikamwambia hilo linawezekana kwenye duka lake. Yupo dada aliyeandika kila neno kwa herufi kubwa, hata *a*, akasema ndivyo kompyuta ilivyomshauri. Yupo mwingine aliyekuwa na kichwa chenye herufi *o* kumi na mbili, nami nilikuwa nazo tisa, ikabidi nipige nusu, nipoze, nifungue, nizipange upya. Hakushukuru, kwa kuwa hakujua.

Kisha uongozi ukaamua chuo kiwe na mwongozo wa kuandika tasnifu. Watu watatu wa kamati wakaja maktaba na rula. Walichofanya ni hiki: walishusha tasnifu kutoka kwenye rafu, moja baada ya nyingine, wakapima pambizo, wakahesabu nafasi, wakaandika walichokiona. Mmoja wao alikuwa Dokta Lazaro, kijana wakati huo, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama Jalada, naona kila mstari wa jalada unaanza na herufi kubwa," alisema. "Siyo?"

"Ndiyo, dokta."

Akaandika. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Ningesema nilinyamaza kwa heshima, lakini kweli ni kwamba nilifurahi. Wasomi watatu walikuwa wameinamia kazi ya chumba chetu kama kitu cha kufuatwa. Mwongozo ulipotoka, ukurasa wa jalada, kuanzia kanuni namba saba, ulisema: kila mstari uanze na herufi kubwa, neno dogo lisining'inie mwishoni mwa mstari, na kichwa cha jaladani kilingane na cha ndani herufi kwa herufi. Hiyo ya pili na ya tatu zilikuwa na akili. Ya kwanza ilikuwa taya bovu lililovalishwa suti.

Nikaisimamia. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Nilirudisha tasnifu za watu kwa kanuni ambayo mimi peke yangu chuoni nilijua ilikotoka. Walikwenda kuchapa upya kurasa, wakarudi jasho likiwatoka, nikawapokea kwa uso wa hakimu. Mzee Shomari aliposikia habari za mwongozo aliomba nakala yake, nikamjalidia mwenyewe na kumpelekea nyumbani kwake Area D. Kila nilipomtembelea niliiona pale juu ya meza, karibu na redio, nikajua mzee anajivunia. Nani angethubutu kumwambia mtu kama yule kwamba kinachomfurahisha ni kosa? Ndivyo nilivyojipa sababu nzuri ya kuendelea kunyamaza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Jumanne moja, akaja Mwalimu Nyemo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bahi, mama wa makamo, mpole kwa namna ya watu wanaojua kusubiri. Alinisalimia kwa *mbukwa*, salamu ya nyumbani, kisha akaweka karatasi zake mezani akazishikilia kwa mikono miwili. Tasnifu yake ilihusu wasichana wanaokosa shule msimu wa mpunga, wanapobaki mashambani kuamia ndege wasile mpunga. Ilikuwa imepita mtihani, imesahihishwa, imesainiwa. Kilichobaki ni jalada. Kichwa kilikuwa hiki:

*Attendance of Girls in the Season of Rice in the Villages of Bahi*

"Wamenirudisha mara tatu, mama," alisema. "Sasa sijui kosa liko wapi."

Nililiona mara moja. Kwenye jalada kichwa kile kilihitaji mistari mitatu, na palipofaa kukata ni kabla ya *in*. Mwongozo ulitaka *In* ya herufi kubwa mwanzoni mwa mstari, na ukurasa wa ndani ufanane. Msimamizi wake, profesa wa siku nyingi, alikuwa amesaini ukurasa wa ndani wenye *in* ndogo, na alipoombwa asaini mwingine alisema hajaishi miaka yote hiyo aje kuitia *in* herufi kubwa katikati ya kichwa. Kisha akasafiri. Nilijaribu kukata mistari kwa namna nyingine. Kila nilipokata, neno dogo moja lilibaki nje: ama lilianza mstari wa chini, ama lilining'inia mwisho wa mstari wa juu. Katika kichwa kile hapakuwa na wazee wawili waliokaa pamoja hata mahali pamoja.

"Orodha ya mahafali inafungwa lini?" nilimuuliza ingawa nilijua.

"Ijumaa saa sita mchana. Mwaka jana mafuriko yalinikatia njia, sikuwahi. Barua yangu ya ruhusa ya masomo inasema nisipomaliza mwaka huu, basi, sitapewa tena." Akazilainisha karatasi zake. "Wasichana wangu wa darasa la sita wameshaambiwa watakuja kuniona nimevaa joho. Wale wale niliowaandika humu."

Nilimwambia arudi kesho. Nilipobaki peke yangu nilikitoa kibano nikakiangalia lile taya, na niliona haya kama mtu aliyeshikwa.

Jumatano nilikwenda ofisini kwa Dokta Lazaro, ambaye sasa ndiye aliyesimamia tasnifu zote, bado na kalamu tatu. Nilibeba kibano na herufi chache kwenye khanga. Nikampangia mstari unaoanza na *i* ndogo juu ya meza yake, nikakaza skrubu, ikaanguka. Nikaweka *I* kubwa, ikasimama. Nikamwambia yote, tangu siku ya rula.

Aliirudia mwenyewe mara mbili. Nilimwona akitaka kucheka na kujizuia.

"Kwa hiyo kanuni namba saba ni hii skrubu," alisema.

"Ndiyo, dokta."

"Mama, nakuamini. Lakini imeandikwa. Mimi siwezi kuifuta kwa sababu nimeiona inaanguka. Inafutwa na kamati, na kamati inakaa baada ya mahafali." Aliusukuma mwongozo kuelekea kwangu, kwa upole, kama anayenionyesha ukuta. "Mwalimu alete jalada linalofuata mwongozo. Likifuata, hata kama ni saa sita kasoro dakika moja, nitalipokea. Lisipofuata, nitamrudisha, na nitasikitika."

Nilitoka pale nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda ila kwangu mwenyewe.

Alhamisi tulipanda bajaji kwenda Area D, mimi na Mwalimu Nyemo, ambaye hakukubali kuniachia karatasi zake hata kwa saa moja. Nilikuwa nakwenda kumwambia Mzee Shomari, wakati macho yake yameshafifia na amebakiwa na redio na heshima yake, kwamba ile kanuni yake inamzuia mwalimu wa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo hatua ni za Mama Jalada, bado unaburuza mguu wa kushoto. Na mgeni wako ni nani?"

Tulikaa. Nikaeleza kwa kuzunguka sana, nikimsifia kwanza, nikiulaumu mwongozo, nikimlaumu profesa, nikiwalaumu waliokuja na rula. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo moja.

"Kwani kile kibano hujakipeleka kwa fundi?"

Sikumwelewa. "Fundi gani, mzee?"

"Wa kuchomelea. Nilikuandikia. La tisa: taya la kushoto lipelekwe kwa fundi, limelegea. Nilisema nisikuachie chombo kibovu."

Nilikumbuka. Niliuona mwandiko wake kabisa, chini ya orodha, ndani ya kifuniko nilichokifungua kila siku ya kazi.

"Nilisema nitakipeleka Jumatatu," nilijibu.

"Jumatatu ipi?"

Mwalimu Nyemo aliinamisha uso kwenye karatasi zake, mabega yakaanza kumtikisika. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka, na alikuwa na haki zote.

"Lakini mwongozo, mzee," nilisema nikijitetea. "Umeuweka hapo miaka yote. Mimi nilidhani unajivunia."

"Nijivunie nini? Niliuomba nione ulivyougundisha. Hebu ushike." Niliushika, kurasa tatu zikatoka mkononi. "Gundi ya kuchemsha mara mbili. Nimekuwa nikikusubiri useme."

Nilitamani ardhi ya Area D inifiche. Miaka yote nilijiona namlinda mzee asiaibike, kumbe aliyekuwa analindwa ni mimi na uvivu wangu. Nikamwambia hata tukikichomelea kibano leo hii, kanuni imeshaandikwa na haichomelewi. Alikubali. Akaipapasa mikunjo ya kitambaa cha meza.

"Wanasema kila mstari uanze na herufi kubwa. Sawa. Wamesema iwe mistari mingapi?"

Mwalimu Nyemo aliujua mwongozo ule kwa moyo, masikini. "Hawajasema, mzee."

"Basi upige mmoja."

"Hautoshi kwa upana," nilisema. "Maneno kumi na tatu."

"Kwa upana. Jalada halina urefu?"

Ijumaa asubuhi alikuja mwenyewe, koti lile lile, mifuko minne. Kitambaa cha bluu cha shahada ya uzamili kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu, kingine kilikuwa kimeagizwa na hakijafika, kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kukosea. Tulilaza jalada kwa urefu. Tukavuta uzi uliopakwa chaki kutoka chini hadi juu, Mwalimu Nyemo akishika ncha moja. Kibano kisingebeba mstari wote kwa mara moja; tungepiga mara tatu, tukiunganisha bila alama. Mzee alisema tukate kila kipande kwenye herufi kubwa, ili taya langu, ndivyo alivyoliita sasa, lipate cha kushika. *Attendance of Girls in the*. Kisha *Season of Rice in the*. Kisha *Villages of Bahi*.

Kipande cha kwanza kilitoka safi. Nikapanga cha pili, nikaweka kibano jikoni, na umeme ukakatika. Saa nne ilikuwa imepita.

Mwalimu Nyemo akatoka, na baada ya muda mfupi akarudi na mama muuza chai wa getini, wameshika jiko la mkaa kila mmoja upande wake, chai ya watu ikiwa imeshushwa chini. Mzee Shomari alifurahi waziwazi. Alisema umeme ulikuwa unamharibia masikio. Akakaa karibu na jiko, kitambaa kibichi gotini, akagusisha kibano.

"Bado," alisema. Akagusisha tena. "Bado. Haya, sasa. Usisukume, lala nacho."

Nilikilalia. Nilipoinua, *Season* ilikaa sawasawa mahali *the* ilipoishia. Kwenye kipande cha tatu niliogopa kuharibu, na sikuona haya kusema hivyo. Mzee akaweka mkono wake juu ya wangu, tukapiga pamoja. *Villages of Bahi*. Mwalimu Nyemo aliachia uzi, akapitisha kidole juu ya neno la mwisho bila kuligusa.

Dokta Lazaro alilipokea jalada saa tano na dakika arobaini. Alilizungusha ili alisome. Akafungua mwongozo.

"Mistari mingapi?"

"Mmoja, dokta."

"Unaanza na herufi kubwa." Akasoma hadi mwisho, akafungua ukurasa wa ndani, akalinganisha neno kwa neno. "Hakuna neno dogo linaloning'inia. Inalingana." Alichukua muhuri, akapiga, na baada ya hapo ndipo akacheka, mpaka akavua miwani. Kisha akauliza kama yule mzee mwenye koti yuko nje, akatoka kwenda kumwamkia.

Siku ya mahafali wasichana kumi na mmoja wa darasa la sita walikuja kutoka Bahi na sare zao. Walipiga vigelegele jina lilipotajwa, wakaambiwa wanyamaze, hawakunyamaza. Nilikaa nyuma na Mzee Shomari, nikimsimulia kinachoonekana. Nililia kidogo. Aliniuliza kama ni machozi au mafua, nikasema mafua.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, nilikipeleka kibano kwa fundi wa kuchomelea. Alilikaza lile taya huku akipiga soga na mteja mwingine. Alimaliza nami sijamaliza soda niliyonunua. Niliposhika sanduku kwa mara ya mwisho, siku ya kumwachia Rehema, nilifunua kifuniko nikaweka alama ya vema kwenye namba tisa.

Nilidhani hapo ndipo pa kumalizia. Lakini Rehema alinipigia simu leo asubuhi.

"Shikamoo, Mama Jalada. Rasimu ya mwongozo mpya imetoka."

"Marahaba. Wamefuta ile namba saba?"

"Wameifuta, mama. Dokta Lazaro aliisemea kabla hajahamishwa." Nikasikia anapumua. "Ila kamati mpya ilikuja huku maktaba wiki iliyopita. Walishusha tasnifu kwenye rafu, wakapima. Wakaipenda ile ya bluu ya Mwalimu Nyemo."

"Rehema. Wameandika nini?"

Alinisomea polepole. Kichwa cha jalada kiwe katika mstari mmoja tu, kwa urefu, kutoka chini kwenda juu.

"Walikuuliza kwa nini?"

"Hawakuuliza, mama."

"Na wewe ukawaambia?"

Kimya. Ninaujua kimya kile, nilikaa ndani yake miaka mingi.

"Walifurahi sana, mama. Nikaona nitawaambia Jumatatu."

Kwa hiyo haya ya mwisho nimeyaandika kwa haraka, nikiwa nimeshavaa viatu. Leo ni Alhamisi. Rehema, chemsha chai, kitoe kibano kabatini, na uwaite wale wa kamati waje maktaba leo hii. Bajaji iko nje inaningoja.